Moto wa Ulimi: Juu ya Mabishano ya Nchi ya Marekani



Mtume Yakobo, katika sura ya tatu ya waraka wake, aufananisha ulimi na moto mdogo uwezao kuteketeza msitu mkubwa. Fundisho hilo twalijua tangu siku za kipaimara. Walakini mara nyingi twadhani ya kuwa lahusu masengenyo ya kisimani na sokoni tu. Mwezi huu twataka kuonyesha ya kuwa lahusu mataifa pia, hata mataifa makubwa yenye shule nyingi na makanisa mengi. Twaitazama nchi ya Marekani, kwa kuwa habari za mabishano yake hutufikia kila siku, tena kwa kuwa huko walitoka wamisionari wa Augustana walioihubiri Injili katika nchi ya Iramba tangu mwaka 1926. Watu wale si wageni kwetu, ni ndugu; na moto wa nyumba ya ndugu hautazamwi kama moto wa mbali.

Watu wa Marekani leo wamegawanyika sana. Wabishana juu ya kutoa mimba: mwaka 1973 Mahakama yao ya Juu iliamua ya kuwa katiba yampa mwanamke haki hiyo, na mwaka 2022 mahakama ile ile iliitangua hukumu yake, wala ugomvi haukuisha. Wabishana juu ya bunduki, juu ya wageni wahamiao kwao, juu ya rangi za watu. Tarehe 6 Januari 2021 kundi la watu lilivamia nyumba ya Bunge mjini Washington, ili kuzuia uchaguzi wa rais usithibitishwe. Wala Kanisa halikusalimika. Mwaka 2009 mkutano mkuu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri la Marekani, uliokutana Minneapolis, uliruhusu watu waishio pamoja wa jinsia moja kuwa wachungaji. Mamia ya sharika zikatoka, na mwaka 2010 Kanisa jingine la Kilutheri likaundwa. Mwaka huo huo maaskofu wa KKKT walitoa tamko Dodoma, wakilikataa neno hilo. Ndivyo mabishano ya ng'ambo yalivyovuka bahari na kuingia katika sharika zetu.

Hatukusudii leo kuyaamua maneno hayo moja moja. Twauliza neno moja tu: Mkristo anene namna gani panapo ugomvi kama huu? Ili tupate jibu, na turudi nyuma kwenye mabishano ya kale ya nchi ile ile, ambayo mwisho wake umekwisha kujulikana, yaani mabishano juu ya utumwa.

Watu wengi walidhani ya kuwa makanisa yatakuwa kamba ya kuifunga nchi pamoja. Lakini kamba hiyo ndiyo iliyokatika kwanza. Mwaka 1844 Wamethodisti waligombana juu ya Askofu James Andrew wa Georgia, aliyekuwa na watumwa, wakagawanyika. Hawakuungana tena mpaka mwaka 1939. Mwaka 1845 Wabaptisti wa Kusini wakajitenga na wenzao wa Kaskazini. Wote walikuwa na Biblia moja, nao waliomba kwa jina moja. Katika Bunge maneno yakawa makali mwaka hata mwaka. Mwezi wa Mei 1856 Seneta Charles Sumner wa Massachusetts alinena siku mbili juu ya ubaya wa kuueneza utumwa katika nchi ya Kansas. Neno lake lilikuwa la haki. Lakini pamoja na haki hiyo alichanganya dhihaka: alimcheka Seneta Andrew Butler wa South Carolina, mzee ambaye hakuwapo siku hiyo, akamtukana, hata akaidhihaki namna yake ya kusema. Siku mbili baadaye, tarehe 22 Mei, mbunge Preston Brooks, jamaa yake Butler, aliingia katika Seneti akampiga Sumner kwa fimbo mpaka akazimia. Yapata miaka mitatu ikapita kabla Sumner hajaweza kurudi kwa kazi yake yote. Na watu wa Kusini walifanya nini? Walimpelekea Brooks fimbo mpya, wakimsifu.

Tuangalie hapo, ndugu. Kwanza ulimi, kisha fimbo. Na miaka mitano baadaye, mwaka 1861, bunduki. Vita ile ilipokwisha mwaka 1865, watu zaidi ya 600,000 walikuwa wamekufa. Mtu aliyeyapeleka matusi na mtu aliyeipeleka fimbo hawana hatia sawasawa, wala mwenye mtumwa na mwenye kumtetea mtumwa si sawasawa mbele za Mungu. Lakini wahenga walisema kweli: heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Labda msomaji atasema, "Basi, ni afadhali kunyamaza." Tungojee kidogo, kwa maana Walutheri wa Marekani walijaribu njia hiyo. Muungano wao mkubwa, ulioanzishwa mwaka 1820, ulikaa miaka mingi bila kutoa neno juu ya utumwa. Walisema moyoni, Tukilitaja jambo hili tutagawanyika. Basi wakalinyamazia, ili wakae kwa amani. Je, walipata amani? Hawakupata. Vita ilipokuja, sinodi za Kusini zilijitenga, na mwaka 1863 zikaunda muungano wao wenyewe. Hata mwaka 1918 ndipo walipounganika tena. Kimya hakikulinda umoja wao, na katika miaka yote ya kimya hicho watumwa walikuwa wakiuzwa mnadani, mama akitengwa na mwanawe. Amani inayonunuliwa kwa machozi ya mtu asiyekuwapo barazani si amani ya Kristo.

Hata hivyo Mungu hakukosa shahidi. Mwaka 1837 Walutheri wachache katika nchi ya New York walianzisha Sinodi ya Franckean, waliokataa kabisa ushirika na utumwa. Kwao alikuja kijana mweusi, jina lake Daniel Alexander Payne. Alizaliwa Charleston mwaka 1811, mtoto wa watu huru. Alifungua shule ya kuwafundisha watu weusi, lakini sheria ya South Carolina iliyokataza mafundisho hayo ikamlazimisha kuifunga mwaka 1835. Akaenda Kaskazini, akasoma katika shule ya uchungaji ya Kilutheri ya Gettysburg, na mwaka 1839 Sinodi ya Franckean ikamweka wakfu kuwa mchungaji. Mwaka huo alisimama mbele ya sinodi akanena juu ya utumwa. Alikuwa na sababu nyingi za kutukana. Lakini neno lake lilikuwa hili: ya kwamba aupinga utumwa kwa sababu wamfanya mtumwa mwanadamu, si kwa sababu wamfanya mtumwa mtu mweusi tu, na kama wenye watumwa wangekuwa weusi na watumwa weupe, angeupinga vivyo hivyo. Tena alieleza jinsi watumwa wawaonavyo mabwana zao wakisali siku ya Bwana na kuwatesa siku nyingine, hata wakaidharau dini yenyewe. Maneno hayo yalikuwa makali kama upanga, lakini hayakuwa na sumu. Yaliupiga uovu, wala hayakumvua mtu ubinadamu wake. Payne baadaye akawa askofu katika Kanisa la Kimethodisti la watu weusi.

Hapa ndipo Katekisimo yetu itufundishapo. Amri ya nane yakataza kumshuhudia jirani uongo. Naye Luther, katika Katekisimo Ndogo, hakutosheka na katazo hilo. Atufundisha kumtetea jirani, kumnenea mema, na kuyachukua matendo yake kwa upande ulio bora. Lakini katika Katekisimo Kubwa, chini ya amri iyo hiyo, aongeza ya kuwa dhambi iliyo wazi mbele ya watu wote yapasa kukemewa wazi. Maneno hayo mawili hayapingani. Uovu ulio wazi tusiufiche. Na jirani tusimzulie. Walutheri walionyamaza walilivunja fundisho la pili, na Sumner katika dhihaka yake alilivunja la kwanza. Payne aliyashika yote mawili.

Basi, waalimu na wazee wa sharika, mabishano yatatufikia na sisi. Twayapokea katika simu zetu, twayasikia wakati wa uchaguzi, na pengine katika baraza la usharika wenyewe. Kabla ya kunena, na tujiulize. Je, neno hili nililolipata nimelijua kuwa kweli, au nalichukua kwa kuwa lamwaibisha yule nisiyempenda? Je, naweza kuyaeleza mawazo ya mpinzani wangu hata yeye mwenyewe akakubali, akisema, "Naam, ndivyo nisemavyo"? Tena, nikinyamaza, ni nani atakayeumia kwa kimya changu? Swali hilo la mwisho twalisahau mara nyingi, maana anayeumia hayumo kati yetu wanenao. Mwinjilisti ajiulizaye hivyo atachelewa kunena, kama Yakobo atuagizavyo. Lakini akinena, neno lake litakuwa na uzito.

Tena tukumbuke Gettysburg. Mwezi wa Julai 1863 majeshi ya Kaskazini na ya Kusini yalipigana siku tatu katika mji ule, juu ya kilima kile kile chenye shule aliyosomea Payne. Watu yapata 50,000 waliuawa, au walijeruhiwa, au walipotea. Nyumba ya shule ile ikawa hospitali. Katika vyumba walimofundishwa wachungaji wakalazwa majeruhi wa pande zote mbili, damu zao zikichanganyika sakafuni. Hao walioshindwa kuketi pamoja na kusikilizana walilala pamoja wakiugua. Tusingojee mpaka siku ya namna hiyo ndipo tutambue ya kuwa yeye tuliyembishia ni ndugu, mwenye mwili kama wetu, aliyekombolewa kwa damu ile ile ya Mwana-Kondoo.

Bwana Yesu, uliyeshuhudia kweli mbele ya Pilato, wala hukurudisha tukano ulipotukanwa, uwarehemu ndugu zetu wa Marekani, uturehemu na sisi. Uvifungue vinywa vyetu panapo dhuluma, uvifunge panapo uzushi. Amina.