Rangi ya Dirii

Mtu huchagua rangi ya vazi kwa sababu nyingi: ada, majira, au mapenzi ya macho yake. Lakini vazi la vita lina sharti jingine. Dirii na ngao hunena kabla mwenyewe hajafumbua kinywa; huwaarifu watu kama ajaye ni wa kutegemewa au wa kuogopwa. Kwa hiyo uchaguzi wa rangi yake ni jambo la ukweli na uongo, hata pale ambapo vita yenyewe ni mchezo.

Achukuliwe kijana wa Nyamigogo, upande wa Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera. Jioni, jembe likiisha kuwekwa, hufungua simu akaingia katika mchezo wa vita wa intaneti, akamvika mhusika wake dirii na kuitia rangi. Desturi hii si ngeni: katika Guild Wars 2, mchezo wa kompyuta uliotolewa mwaka 2012, mchezaji aweza kuzitia sehemu za dirii rangi mbalimbali azipendazo, na rangi nyingine hununuliwa. Basi kijana aweza kuvaa nyekundu ya mashujaa hali hajapigana hata mara moja. Je, amesema uongo?

Wamasai wa zamani, kaskazini ya Tanganyika na kusini ya Kenya, wangalijibu upesi. Ngao zao za ngozi ya nyati zilichorwa kwa nyekundu, nyeusi na nyeupe, na michoro ile ilionyesha rika na ukoo wa mwenye ngao. Tena ilikuwako alama nyekundu ya ushujaa, ambayo haikuchorwa ila kwa aliyethibitisha ushujaa wake vitani. Nyekundu hiyo haikuwa ya kuchagua. Ilikuwa ya kustahili. Kujipaka mwenyewe kungalikuwa kuiba neno la mashahidi.

Yupo atakayesema kwamba mchezo ni mchezo, hapana damu imwagikayo. Neno hili lina haki kidogo tu. Wahusika ni picha, lakini wachezaji ni watu. Aliyeifuata dirii nyekundu akaachwa peke yake mbele ya adui amevunjiwa tumaini la kweli. Mwingine atasema kwamba ada ya kale ilimfunga mtu katika ukoo asiouchagua, na kwamba heri uhuru. Neno hili lina uzito zaidi. Lakini penye duka la rangi, uhuru huenda kwa mwenye fedha, na wekundu wake hushuhudia mfuko kuliko moyo. Uzuri wa mkakasi, walisema wahenga, ndani kipande cha mti.

Yafaa kutenga mambo mawili. Rangi iliyotolewa na wengine ni ushahidi wa jana. Rangi iliyochaguliwa na mwenyewe ni ahadi ya kesho. Kuahidi si dhambi. Dhambi huanza mtu anapoiuza ahadi kwa jina la ushahidi, akataka heshima ya tendo asilotenda. Na ahadi ni mzigo mzito kuliko ushahidi: ushahidi ukiisha kutolewa umekwisha, ahadi hudai kila siku.

Basi kijana wa Nyamigogo na achague nyekundu akipenda. Ila siku wenzake watakapozidiwa, na njia ya kukimbia ikawa wazi, asimame na aliye dhaifu kuliko wote. Hapo rangi yake itakuwa kweli, ijapokuwa imechelewa. Na yule asiyekuwa na fedha ya rangi, akisimama vivyo hivyo katika dirii yake ya kijivu, hatakuwa amepungukiwa na kitu.