Anayedai Ndiye Anayesamehe

Neno forgive la Kiingereza ni neno la kivivu. Ukimkanyaga mtu mguu kwenye daladala ya Igoma, unamwomba forgive. Benki ikiacha kumdai mkulima, nayo ime-forgive. Mungu akimwondolea mtu dhambi zake za miaka arobaini, ni forgive hiyo hiyo. Sisi Waswahili hatuna haki ya kuwacheka Waingereza, maana samehe yetu inabeba mizigo yote mitatu bila kulalamika. Ndiyo sababu Mwingereza na sisi tunaelewana upesi kwenye jambo hili, na kwa huko kuelewana upesi kuna swali tunalipita bila kuliona.

Mjerumani hakupi njia hiyo. Kwa mguu uliokanyagwa ana entschuldigen. Kwa kosa zito kati ya mtu na mtu ana verzeihen. Kwa dhambi mbele ya Mungu mara nyingi ni vergeben. Deni la fedha ni erlassen, na hapo usikosee, kwa sababu ukichukua vergeben ukaiweka kwenye mkopo, maana inageuka kabisa: kwa Mjerumani ku-vergeben mkopo ni kuutoa. Unaomba usamehewe, yeye anasoma kwamba unaomba uongezewe.

Kijerumani nilikisoma Leipzig, katika Taasisi ya Herder, Ujerumani Mashariki ilipokuwa bado nchi. Kimenilisha kidogo na kunisumbua sana. Mwanza ina undugu na mji wa Würzburg tangu mwaka 1966, kwa hiyo Wajerumani hawakauki hapa: madaktari wanaokwenda hospitali ya Bugando, wanafunzi, wazee wa makanisa. Na kila karatasi inayohitaji Kijerumani hapa Mabatini inapandishwa kwangu juu kwenye mawe, mara nyingi na bodaboda ambaye anasimama mlangoni akinidai mimi nauli ya kupanda kilima.

Karatasi iliyonifanya niandike haya ilikuwa ya Mchungaji, jirani yangu, mwenye kanisa dogo ambalo halimo kwenye yale makubwa. Kikundi cha waumini katika mji mmoja wa Ujerumani, ambao si Würzburg, kiliwakopesha akina mama wa kanisa lake mtaji wa dagaa. Masika ya mwaka ule hayakuwa na huruma. Dagaa walianikwa mchangani, mvua ikawanyeshea kabla hawajakauka, na dagaa aliyenyeshewa hana mnunuzi isipokuwa mwenye kuku. Marejesho yakafika nusu, yakasimama.

Mchungaji akaandika barua kwa Kiingereza. Forgive ilikuwamo mara tatu: wamsamehe kwa kuchelewa kuandika, wasamehe salio, na mwishoni akakumbusha jinsi Mungu alivyotusamehe sote. Mtu mwerevu yule. Barua ilijengwa ili ile samehe ya mwisho isukume ya katikati.

Nikamwambia, "Mchungaji, Kijerumani hakitakubali mpango wako. Hapa yatakuwa maneno matatu tofauti, na uzi utakatika."

Akacheka. "Mwalimu, wewe tafsiri tu. Panapokatika Roho Mtakatifu atafunga fundo."

Na kweli fundo lilikuwepo, ila mahali pengine. Kijerumani kinachotenganisha vitenzi kinaunganisha jina. Schuld ni hatia, Schulden ni madeni. Luther, aliyetoa Agano Jipya kwa Kijerumani mwaka 1522, aliwaachia watu wake sala ambayo ndani yake hatia na deni vinalala kitanda kimoja. Nietzsche, mtoto wa mchungaji, alilishika jambo hilo katika kitabu chake cha 1887 juu ya asili ya maadili, akadai kwamba hisia yote ya hatia imezaliwa na uhusiano wa mdai na mdaiwa. Alilisema kwa nia ya kuibomoa dini. Mimi nikilisoma naona kama ameipa dini nguzo, lakini hayo ni ya siku nyingine.

Sala yenyewe ni Baba Yetu, na hapa Mabatini huhitaji kufungua kamusi kulisikia tatizo. Nenda msibani, mahali ambapo Wakatoliki, walokole na watu wa makanisa mengine wamechanganyika chini ya turubai moja. Wanaanza pamoja vizuri. Wakifika kwenye msamaha sauti zinagongana: Wakatoliki wanasema makosa, na wale waliolelewa na Biblia ya Union ya mwaka 1952 wanasema deni. Kwa sekunde chache panakuwa na mkorogo wa maneno, halafu sala inaendelea. Mathayo katika Kigiriki aliandika deni. Luka akaandika dhambi kwa upande wa Mungu, lakini alipofika kwa jirani akarudi kwenye deni, na sababu yake yaelekea ni kwamba Kiaramu, lugha ya Yesu, kilikuwa na neno moja kwa yote mawili. Waingereza wengi husali kwa neno trespasses, lenye maana ya kuingia shamba la mtu bila ruhusa. Zuri masikioni, lakini mtu akishatoka shambani mwako anaweza kudhani mambo yamekwisha.

Mimi niko upande wa deni, na aliyenifundisha si Luther, ni Mangi.

Duka lake liko kwenye kona, chini ya nyumba yangu. Ana kauntabuku yenye jalada lililoshika mafuta ya taa, kila familia ina ukurasa wake. Mtu akilipa, Mangi anachukua rula na biki nyekundu, anapiga mstari juu ya jina la bidhaa na bei, polepole, mdaiwa akiangalia. Mwaka jana mzee mmoja wa mtaani alifariki akiacha ukurasa mrefu: sembe, sukari nusu kilo nusu kilo, sabuni ya kipande, vocha. Mjane alikuja dukani baada ya matanga kuuliza ni kiasi gani. Mangi akachukua rula na biki ile ile, akapiga mistari kuanzia juu mpaka chini, akasema, "Mayu, nenda kapumzike." Nilikuwepo, nilikuja kununua mkate.

Mstari wa kulipa na mstari wa kusamehe inafanana kabisa. Ukiliokota daftari lile barabarani huwezi kuitofautisha. Tofauti iko kwa Mangi, maana yule wa jumla wa mjini aliyempa ile sembe hajui habari za mjane, anataka hela yake Jumatatu. Deni halikufa. Lilihama kutoka kwenye ukurasa wa marehemu likaenda kukaa mfukoni mwa Mangi, na yeye amekubali likae. Sasa fikiria ningechukua mimi ile biki, kwa huruma zangu zote, nikapiga mistari. Huo ungekuwa wizi, tena wizi wa mtu anayejiona mwema.

Nadhani hapa ndipo samehe yetu na forgive yao vinapotuficha ukweli. Tunasema "amesamehe" kana kwamba kitu kimeyeyuka. Kijerumani, pamoja na ukavu wake, kinakumbuka: verzeihen ni ndugu wa damu wa Verzicht, yaani kuachilia haki uliyokuwa nayo mkononi. Asiye na haki hana cha kuachilia. Leipzig tulikuwa na mwalimu aliyekuwa akikasirika kila mwanafunzi alipochelewa na kusema ich entschuldige mich, maana ukiyachambua maneno hayo unasema "najiondolea hatia mwenyewe." Alikuwa anasimamisha darasa zima. Uombe, anasema, hujiondolei! Tulimwona mkorofi. Siku hizi namwelewa.

Basi kwenye barua niliandika erlassen kwa lile salio, na habari za Mungu nikaziacha chini, kwenye aya yake, mbali na hela. Jibu lilipokuja lilikuwa la Kijerumani hasa. Fedha ile ilitoka mifukoni mwa wanachama, kwa hiyo kila mwanachama aliulizwa kuhusu fungu lake. Wote wamesamehe isipokuwa bibi mmoja, ambaye amesema anaomba alipwe. Mchungaji alinung'unika wiki nzima kuhusu roho ngumu za Wazungu. Akina mama wenyewe hawakunung'unika. Wanamlipa kidogokidogo, na mmoja wao aliniambia afadhali huyo, anajulikana anataka nini.

Lakini deni la dagaa ni jepesi. Tarehe 14 Agosti 2004, Waziri wa Ujerumani wa ushirikiano wa maendeleo, Heidemarie Wieczorek-Zeul, alisimama Ohamakari, Namibia, miaka mia moja baada ya jeshi la Wajerumani kuwasukuma Waherero jangwani. Aliomba msamaha kwa kuitaja sala ya Baba Yetu. Maandishi ya Kijerumani ya hotuba yake yanasema Schuld. Ya Kiingereza yanasema trespasses. Sidhani ilikuwa hila, ndivyo Mwingereza anavyosali. Lakini tazama kilichotokea: kwa Kijerumani mlango wa kuuliza kuhusu madeni ulibaki wazi kidogo, kwa Kiingereza waliingia shambani mwa mtu na wametoka. Mwaka 2021 serikali mbili zikakubaliana euro bilioni 1.1 kwa miaka 30, na Ujerumani ikawa makini sana zisiitwe fidia. Fedha wanaahidi, ila hawakubali kwamba wanadaiwa. Mangi angeshangaa.

Halafu ikaja zamu yetu. Tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea, kwenye makumbusho ya Maji Maji, akaomba Verzeihung kwa yale Wajerumani waliyowatendea mababu. Vita ile ya 1905 hadi 1907 inakadiriwa iliua watu hadi 300,000, wengi wao kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa makusudi. Alikutana na wajukuu wa Songea Mbano, nduna wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani, ambao bado wanatafuta fuvu la babu yao. Nilimsikiliza kwa Kijerumani chake na nikaamini kwamba ameona aibu. Lakini ombi ni ombi, linamsubiri mwenye haki ajibu, na hapo nikakwama: kwenye daftari hili biki anashika nani?

Nililipeleka swali kijiweni, kwenye kahawa ya jioni, ambako Mchungaji na Ustadhi huwa wanakaa benchi moja.

Ustadhi hakuhangaika. Kwenu na kwetu, alisema, kabla maiti haijafukiwa si mtu husimama akatangaza kwamba anayemdai marehemu awaone wanafamilia? Deni linatangulia mirathi. Mtume mwenyewe alisita kumsalia maiti aliyedaiwa mpaka Abu Qatada alipolibeba lile deni. Na haki ya kudai nayo inarithiwa. Hata damu: Kurani, sura ya pili, inawapa jamaa wa aliyeuawa nafasi ya kusamehe. Kwa hiyo wajukuu wa Songea wanaweza, wakitaka, na wasipotaka hakuna wa kuwalaumu. Haki za waja, akasema, Mwenyezi Mungu hazipitii juu. Akaongeza kwamba kwa Kiarabu deni na dini zinaandikwa kwa herufi zile zile tatu. Wataalamu wanabishana kama ni ukoo mmoja, lakini yeye habishani.

Mchungaji hakukubali. Kwake kila dhambi kabla haijamfikia jirani imemfikia Mungu, naye Mungu ndiye mdai mkuu, anaweza kufuta ukurasa wote. Nikamuuliza kuhusu Zakayo mtoza ushuru. Yesu alitamka wokovu wa nyumba ile kabla au baada ya Zakayo kusema atarudisha mara nne? Akanywa kahawa.

Mimi nilikuwa na jambo langu katikati yao. Wajukuu wanaweza kusamehe kile kilichowafikia: ardhi iliyopotea, ukoo uliokatika, njaa iliyompunguza bibi wa bibi yao, fuvu lisilorudi. Hayo wameyarithi, ni yao, wayaachilie au wayadai wapendavyo. Lakini ile dakika ya mtu aliyesimama chini ya kitanzi Februari 1906 hakumwachia mtu yeyote. Haikuingia kwenye mirathi. Rais hawezi kuisamehe, mjukuu hawezi, na mimi mtafsiri wa Mabatini sina neno la kuiandikia katika lugha zangu tatu. Mwenye dai hilo ni yule aliyenyongwa, basi.

Mchungaji akaweka kikombe chini. "Kwa hiyo Mwalimu, unataka Mungu naye, siku ile, akawaombe ruhusa Wangoni kwanza?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Kwa hilo nadhani atawauliza."

Ustadhi akatulipia wote kahawa. Mchungaji alitaka kurudisha sehemu yake, akakatazwa.