Wape Watoto Gazeti la Zamani Walishike

Miongoni mwa mada za kwanza katika somo la Historia na Serikali, Kidato cha Kwanza, ilikuwa vyanzo vya historia. Mwaka nenda mwaka rudi wanafunzi waliikariri: masimulizi ya wazee, michoro ya mapangoni, vitabu, magazeti. Walikariri ubora wa kila chanzo na upungufu wake, wakaandika katika mtihani, wakapata alama zao. Kisha wengi wakamaliza shule hawajawahi kushika gazeti hata moja lililochapishwa kabla hawajazaliwa. Jambo hili linaniuma zaidi tangu nilipoona kinachotokea darasani gazeti hilo likiwekwa mikononi mwao.

Ilikuwa Ruiru, katika shule ya upili ya kutwa, darasa limejaa hadi mlangoni. Mwalimu alikuwa ametoa kopi za kurasa za Machi 1975, mwezi aliouawa Mbunge wa Nyandarua Kaskazini, Josiah Mwangi Kariuki, ambaye Wakenya walimwita J.M. Tarehe alikuwa amezifunika kwa vipande vya karatasi. Akazigawa kwa makundi na kuwaambia wazipange: upi ulitangulia, upi ulifuata.

Miongoni mwazo ulikuwamo ukurasa wa Daily Nation uliosema J.M. yuko Zambia. Kijana mmoja akauweka wa mwisho kabisa, baada ya ule wa kifo. Mwalimu akamuuliza sababu. Akasema labda walikosea kuutambua mwili, baadaye wakagundua kwamba mtu yu hai. Msichana aliyeketi mkabala naye akauvuta ukurasa, akaurudisha katikati. "Huu ulikuja kabla. Hapa bado wanamtafuta." Mabishano yakapamba moto hadi mwalimu alipobandua vile vipande. J.M. alionekana hadharani kwa mara ya mwisho jijini Nairobi tarehe 2 Machi. Mwili wake uliopatikana Ngong ulitambuliwa na jamaa zake mochari tarehe 11. Habari ya Zambia iliingia hapo katikati, mwenyewe akiwa ameshauawa.

"Mwalimu, kwani nani aliwaambia yuko Zambia?" msichana yule akauliza.

Sijui swali lolote katika vitabu vya marudio linalofikia hilo. Kitabu cha kiada kinajua mwisho wa kila jambo, na kwa sababu kinajua mwisho, kinayafanya yote yaonekane kama yalikuwa lazima yatokee. Gazeti halijui kesho. Aliyelinunua asubuhi ile kwenye stendi ya Thika alijua kile tu alichoambiwa, na huenda alishusha pumzi akaenda kazini. Mwanafunzi akiusoma ukurasa huo anasimama mahali aliposimama babu yake, na anauliza jambo ambalo wakati ule watu wengi waliliuliza kwa kunong'ona.

Wapo walimu wanaoniambia magazeti ya zamani yana uongo mwingi, yasipelekwe kwa watoto. Kwangu mimi uongo huo ndio sababu ya kuyapeleka. Tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 wa kizuizini waliuawa kwa kipigo katika kambi ya Hola. Serikali ya kikoloni ilitoa taarifa kwamba walikufa baada ya kunywa maji kutoka gari la maji, na taarifa hiyo ikachapishwa. Uchunguzi wa vifo ulipofanywa, ikabainika walikufa kwa majeraha ya kupigwa. Mtoto akiisoma taarifa ile mwenyewe, ilivyo fupi na tulivu, ataelewa jinsi mauaji yanavyoweza kuandikwa kama ajali. Baada ya hapo hatasoma taarifa ya serikali yoyote, wala ujumbe wowote unaomfikia kwa simu, kwa macho yale yale.

Sisi wa Kaunti ya Kiambu tuna deni la pekee. Henry Muoria, mzaliwa wa Kabete aliyekuwa mfanyakazi wa reli, alianzisha gazeti la Kikuyu, Mumenyereri, mwaka 1945. Mwaka 1952 akiwa London, hali ya hatari ilitangazwa nchini na gazeti lake likapigwa marufuku. Alibaki Uingereza, akafanya kazi katika treni za chini ya ardhi, na akafia huko mwaka 1997. Darasani Ruiru nilipolitaja jina lake, hakuna aliyelijua. Siwalaumu watoto. Nani amewahi kuwaonyesha?

Na magazeti ya zamani yapo. Kutoka Thika watoto wanauona mlima Kilimambogo, alikozikwa mlowezi William Northrup McMillan, aliyekuwa na shamba kubwa Juja. Mjane wake alijenga maktaba ya kumkumbuka jijini Nairobi, ikafunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo. Leo ni mali ya umma, na ina hazina ya magazeti ya tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka nayo iko Moi Avenue, si mbali na hapo. Barabara kuu ya Thika inatufikisha kote huko kwa matatu moja.

Wala magazeti hayo hayana siasa pekee. Kurasa za matangazo ya vifo zinataja ukoo mzima: mtoto wa nani, ndugu wa nani, wa kijiji gani. Matangazo ya ardhi nayo yanaonyesha mashamba yakigeuka ploti. Ruiru imeipa dunia aina ya kahawa, Ruiru 11, iliyotolewa na kituo chake cha utafiti mwaka 1985. Sasa watoto wanaishi kwenye maghorofa yaliyosimama palipokuwa na mibuni, na wengi hawajawahi kuuona mbuni.

Tutaambiwa muda hautoshi. Kazi niliyoiona ilihitaji vipindi viwili na kopi chache, na Mtaala wa Umilisi unadai wanafunzi wachunguze mambo wenyewe. Basi tuwape cha kuchunguza.

Kama nyumbani kwenu, iwe Makongeni, Kiganjo, Kimbo au Kihunguro, kuna sanduku la magazeti chini ya kitanda cha guka (babu), usiyauze kwa kilo. Muulize kwanza kwa nini aliyaweka, uandike atakayokwambia, kisha uyapeleke pamoja na maandishi hayo kwa mwalimu wa historia wa shule iliyo karibu. Nawe mwalimu mkuu, mpe mwalimu huyo kabati lenye kufuli.