Dua na Waitikiaji Wake

Swali tunalokusudia kulitazama hapa si geni, ila aghalabu huulizwa kwa kunong'ona: je, mtu aliyejitenga na kanisa lake aweza kubaki na imani yake? Wako wajibuo upesi kwamba tawi lililokatwa halizai. Wako na wengine wajibuo, upesi vile vile, kwamba Mungu hakai ndani ya daftari la zaka. Sisi twaona kwamba wote wawili wamejibu kabla ya kuusikiliza moyo wa mwulizwaji.

Katika kijiji kimoja cha Mbulu tulimjua fundi seremala, mtu mzima, aliyebatizwa utotoni. Mabenchi ya kigango chao aliyachonga yeye. Mwaka mmoja wa ukame, baada ya ibada, yalisomwa hadharani majina ya wasiotimiza zaka. Miongoni mwao alikuwamo mjane ambaye watoto wake walikuwa wakila mlo mmoja kwa siku. Fundi alisimama, akatoka nje, wala hakurudi tena. Hakuhamia dhehebu jingine, wala hakumtukana mtu. Kila alfajiri, kabla ya kuwafungulia ng'ombe, alikaa uani juu ya kigoda, akasoma zaburi moja, akaomba.

Kwa sheria ya nchi hakuwa na kosa. Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 19, huihesabu ibada kuwa jambo la hiari ya mtu binafsi. Lakini sheria, hata iwe njema namna gani, haimwitikii mtu aombapo. Tena nyumba aliyoiacha haikuwa kibanda. Katika wilaya hizi za Mbulu na Hanang makanisa yalijenga shule na zahanati, na hospitali ya Kilutheri ya Haydom imekuwa ikitibu wagonjwa tangu mwaka 1955. Fundi mwenyewe alifundishwa kusoma katika shule ya misheni. Tulipomkumbusha hayo alicheka, akasema kwamba mtu akihama nyumba ya mama yake hajamkana mama.

Hapo yafaa tuwakumbuke wazee wa Wairaqw wa zamani. Walimwomba Looaa, Mungu waliyemwona kuwa wa kike, na wakawaogopa netlangw, pepo wakaao majini. Hawakuwa na jengo la ibada wala orodha ya waumini. Mtu mwenye haraka atasema, basi, fundi alirudia tu desturi ya babu zake. La hasha! Katika slufay, ile dua ndefu ya kishairi waitamkayo wazee katika mikutano yao, mmoja hutamka na wengine humwitikia, naye huendelea kwa nguvu ya mwitikio wao. Sisi tulioshika kalamu ya ushairi kwa miaka mingi twaijua tofauti hii: shairi mtu aweza kulisoma peke yake chumbani, likamtosha, slufay bila waitikiaji haipo. Jengo halikuwapo, lakini watu walikuwapo.

Fundi alilijua jambo hilo kuliko sisi. Jioni moja alituambia, "Ndugu yangu, kusali nasali. Ila nikisema amina, naisikia sauti yangu tu." Wajukuu aliokaa nao hawakujua hata sala moja. Hakuwafundisha, kwa kuwa, alisema, angewapeleka wapi baadaye? Hilo tuliliona kosa, na tulimwambia. Kukataa mjane aaibishwe kulikuwa kwema. Kuwanyima watoto kile kilichomtegemeza yeye mwenyewe ni jambo jingine.

Wala si kila anayekereka hutoka. Oktoba 1970, huko New York, Mwalimu Nyerere aliwaambia masista wa Maryknoll kwamba Kanisa lisiposhiriki kuipinga mifumo inayowafanya watu kuwa maskini na wanyonge, litakosa maana kwa binadamu. Maneno hayo ni makali kuliko yote aliyopata kuyasema fundi wetu; hata hivyo Mwalimu alibaki Mkatoliki mwenye kuhudhuria misa hadi mwisho wa uhai wake. Yeye alisema akiwa ndani. Fundi alitoka kimya, na daftari likaendelea kusomwa.

Alipofariki, wengine walisema kwamba asiyeshiriki jumuiya hawezi kuzikwa na jumuiya. Watoto wake wakabaki na jeneza uani, hawajui wamwite nani. Ndipo jirani mmoja aliyekuwa na ndugu Hanang akasimama. Akawakumbusha tarehe 3 Desemba 2023, tope la Mlima Hanang liliposhuka juu ya Katesh na vijiji vya jirani, likaua watu zaidi ya 80. Wanajeshi na wananchi walichimba pamoja kuwatafuta waliofukiwa. Akauliza ni nani siku ile aliyedai kadi ya zaka kabla ya kushika koleo.

Hakujibiwa. Vijana walikwenda kuchukua majembe. Katekista alikuja bila kanzu na bila kitabu, akasimama nyuma pamoja na majirani. Baada ya maziko wazee waliketi, na mmoja wao akaanza slufay. Wajukuu wa fundi walikuwa wamekaa chini karibu na kigoda kile kitupu. Mkubwa wao alimtazama katekista, akamwona anaitikia, naye akaanza kuitikia.