MENDE NA CHURA: HAKI YA KIUMBE KIDOGO

Sifa njema zote zamstahikia Mwenyezi Mungu, Aliyemkadiria kila kitambaacho riziki yake. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ndugu yetu mmoja, mtu wa pwani aliyetuama Natta, katika wilaya ya Serengeti, kwa biashara yake, ametuletea suala ambalo baadhi ya waliolisikia walicheka. Auliza: wako watu wafugao mende kwa makusudi, kisha wakawalisha vyura na mijusi walio nao majumbani, je, yafaa? Na je, mende naye ana haki? Sisi hatukucheka, maana mtu hujulikana kwa amtendeavyo yule asiyeweza kumshitaki.

Kwanza tulijue jambo lenyewe. Mende wafugwao sana kwa kazi hii si hawa wa majikoni mwetu. Ni aina iliyotoka Amerika ya Kusini, asiyeweza kupanda kioo laini, naye huzaa watoto walio hai. Huwekwa sandukuni gizani, wakalishwa pumba, karoti na maganda ya matunda.

Wala jambo hili si upuuzi mtupu. Katika korongo la mto Kihansi, milima ya Udzungwa, wako vyura wadogo wa manjano waliojulikana na wataalamu mwaka 1996, wasiopatikana porini pengine popote duniani. Mwaka 2000 maji ya mto yaligeuzwa kwa ajili ya mitambo ya umeme, na ule unyunyu wa maporomoko uliokuwa uhai wao ukapungua. Vyura wapatao 500 wakapelekwa Marekani, wakalelewa kwa wadudu wadogo wa kufugwa. Huku nyuma wenzao wakapukutika, na ugonjwa wa kuvu ukawamo. Mwaka 2009 ikatangazwa kuwa hawapo tena porini. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kurejeshwa korongoni. Lau si wadudu wale wa kufugwa, umma mmoja katika umma za viumbe ungalikwisha.

Ama sheria, Mtume (s.a.w.) alimkataza kumwua chura yule tabibu aliyemwuliza habari ya kumtia katika dawa. Na yule mwanamke aliyemfunga paka hakuadhibiwa kwa kumweka, bali kwa kuwa hakumlisha wala hakumwachia ajilie wadudu wa ardhini. Twapata hapa mambo mawili: kufuga kwafaa kwa sharti ya kulisha, na wadudu wametajwa kuwa ni chakula cha mnyama. Lakini mjusi kafiri, aliyeamrishwa kuuawa, haifai kumfanya kipenzi cha nyumba.

Na kuuza je? Asili katika madhehebu yetu ya Shafi ni kuwa wadudu hawauziki, kwa kuwa hawana manufaa. Ila wanavyuoni wamewatoa katika hukumu hiyo wenye manufaa yajulikanayo, kama nyuki, nondo wa hariri na ruba afyonzaye damu. Mende wa malisho, kwa kukisiwa juu ya hao, twaona yumo pamoja nao.

Atasema mtu: "Porini chura humla mende, wala hapana aulizwaye." Kweli, lakini porini mende ana miguu, ana giza, na ana ufa wa kukimbilia. Wewe umemwondolea vyote vitatu. Alipokuwa porini, mauti yake yalikuwa baina yake na Muumba wake. Alipoingia sandukuni mwako, umeingia wewe kati. Basi haki ya mende si kuwa asiliwe. Haki yake ni kuwa asiteswe kwa njaa kabla ya siku yake, na siku yake ifikapo iwe nyepesi. Tumeamrishwa ihsani katika kila jambo, hata katika kuua.

Nasema haya nami najilaumu. Miaka mingi nyuma watoto wa chuoni kwangu walimtia mende chupani pamoja na mjusi, wakamkata miguu kwanza ili mchezo uwe mrefu. Nikapita, nikacheka, nikaenda kusomesha. Somo la siku ile lilikuwa hadithi ya nabii aliyeumwa na sisimizi mmoja, akateketeza kijiji chao kizima, akalaumiwa na Mola wake. Niliifasiri neno kwa neno, na chupa iko palepale barazani!

Basi, ndugu yetu wa Natta, jibu letu ni hili. Mwenye kufuga mende kwa haja, akawalisha, akalifunga sanduku lake wasije wakamdhuru jirani, akampa chura kadiri ya kumeza wala asimkate mdudu kiungo, huyo hana lawama. Ama akusanyaye watu wacheke kiumbe kikitapatapa, huyo hakulisha mnyama. Ameulisha moyo wake ukatili, na moyo uliozoea chakula hicho hautatosheka na mende. Kesho utamtaka punda, na kesho kutwa mtoto wa mwenziwe.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi. Wabillahi taufiki.