Uzi Kwenye Basi la Bunda

Wajukuu zangu mnaosoma fizikia,

Juzi mmoja wenu alinijia na daftari akaniambia amesoma mahali kwamba nadharia ya uhusianifu maalumu ni ya mwendo usiobadilika tu. Mchapuko ukiingia, eti lazima usubiri uhusianifu wa jumla. Nilinyamaza kwa muda. Maneno hayo niliyaandika ubaoni kwa mkono wangu, miaka mingi, hapahapa Musoma. Si kweli, na nataka mlisikie hilo kwangu mimi niliyekosea.

Einstein mwenyewe, katika makala yake ya 1905, alichukua saa inayosafiri kwenye njia yenye kona, akaikata njia hiyo vipande vilivyonyooka, kisha akasema hata njia ikipinda mfululizo matokeo ni yaleyale: saa ikirejea ilikotoka itakuta imeachwa nyuma na ile iliyobaki. Uhusianifu wa jumla ulikuja 1915, na kazi yake ni mvutano. Mchapuko ulikuwa umeshashughulikiwa miaka 10 kabla.

Anzeni na basi. Pandeni Bunda kuja Musoma mkiwa na uzi wa sentimita 30 uliofungwa nati, muuning'inize kwenye bomba la kushikia. Basi likikata lami kwa mwendo uleule, uzi unasimama wima kama vile bado mko stendi. Dereva akikanyaga mafuta, nati inarudi nyuma. Ikirudi sentimita 3, mchapuko unakaribia mita 1 kwa sekunde, kila sekunde. Akishika breki mkikaribia Kiabakari, nati inakimbilia mbele. Tazameni hapo kwa makini. Kwamba mnakwenda, hakuna kitu ndani ya basi kinachoweza kuwaambia. Kwamba mwendo unabadilika, uzi unasema, hata mapazia yakiwa yamefungwa.

Sasa chukueni pacha wetu, Kulwa na Doto. Kulwa abaki Butiama. Doto apande chombo cha angani chenye mchapuko wa mita 9.8 kwa sekunde, kila sekunde, ili miguu yake ihisi uzito uleule aliouzoea nyumbani. Kwa hesabu ya Newton, siku ya 354 Doto angefikia kasi ya mwanga. Hafiki, na sababu yake inaonekana ukiikata safari vipande. Kila sekunde, muwekee Doto msafiri wa kufikirika anayekwenda sambamba naye kwa mwendo usiobadilika. Kwa macho ya msafiri huyo, sekunde moja baadaye Doto ameongeza mita 9.8 kwa sekunde, basi. Sekunde inayofuata muwekee msafiri mwingine. Kila kipande ni uhusianifu maalumu mtupu. Mnaviunganisha kwa kanuni ya Einstein ya kujumlisha mwendo, ambayo haimruhusu yeyote kuvuka kasi ya mwanga.

Saa ya Doto ikitimiza siku 354, yuko kwenye asilimia 76 ya kasi hiyo. Ikitimiza mara mbili yake, asilimia 96. Mara tatu, asilimia 99.5. Hapo Doto ameishi chini kidogo ya miaka 3, na kwa kalenda ya Kulwa imepita zaidi ya miaka 9 na nusu. Mimi hesabu hii niliifanya kwa mkono nikiwa mtu mzima, nikairudia mara tatu kwa kutoamini.

Wengi hujikwaa hapa: wanadhani mchapuko wenyewe ndio unaochelewesha saa. Mwaka 1977 watafiti wa CERN walitangaza matokeo ya chembe ziitwazo muoni, zilizozungushwa ndani ya pete yenye kipenyo cha mita 14. Mchapuko wa muoni hizo ulikuwa takribani mara bilioni bilioni ya ule wa embe linaloanguka mtini. Umri wa chembe hizo ulirefuka mara 29, kama mwendo wake ulivyodai, na vipimo havikuonyesha nyongeza yoyote iliyotokana na mchapuko. Mchapuko unabadili mwendo. Ni mwendo, kipande baada ya kipande, unaoamua saa isome nini. Ila bila mchapuko Doto asingegeuza chombo arudi Butiama kulinganisha saa na pacha wake. Na mwendo uliobadilika ni wa Doto peke yake, ndiyo maana Kulwa hawezi kudai kwamba yeye ndiye aliyesafiri.

Msikubali kufungiwa mlango na sentensi moja ya kitabu, wala ya mwalimu, kabla hamjaijaribu kwa hesabu. Mimi ningeijaribu mapema, wanafunzi wengi wangenufaika.

Jumamosi nipo nyumbani. Njooni na uzi, nati, rula na vipimo mlivyoandika wenyewe njiani, tuanze na zile sekunde 10 za kwanza basi linapotoka stendi ya Bunda.