Ramani ya nyumba ni suala la dini pia

Mtu akipata kiwanja hapa Dar es Salaam kitu cha kwanza anachotafuta ni ramani, na mara nyingi ramani yenyewe huipata kwa kuazima. Ameiona nyumba ya rafiki yake Mbezi au Tegeta, ameipenda, anamwambia fundi amjengee kama ile. Tatizo ni kwamba ile ilikaa kwenye kiwanja kipana, na yeye amenunua kipande kilichomegwa kwenye shamba la mtu, au amerithi robo ya eneo la babu. Hapo ndipo ukataji unapoanza. Hiki kinapunguzwa, kile kinasogezwa, na mwisho wa yote jirani anaporwa hewa na mama mzazi anakosa pa kulala. Hakuna aliyekwenda kumuuliza shekhe, kwa sababu ujenzi umehesabiwa kuwa kazi ya fundi peke yake.

Wanachuoni wa zamani hawakuliona jambo hili hivyo. Katika karne ya 14 fundi mmoja wa Tunis, Ibn al-Rami, aliandika kitabu kizima juu ya hukumu za majengo: kuta za shirika, madirisha, maji ya paa, moshi, vichochoro. Alikuwa fundi, na makadhi walikuwa wakimtuma kwenda kukagua palipo na ugomvi.

Hebu tupige hesabu. Chukua kiwanja cha mita 9 kwa 20. Ukiacha mita moja na nusu kila upande, nyumba inabaki na upana wa mita 6. Toa unene wa kuta mbili za nje za tofali za inchi sita, ndani unabaki na mita 5.7. Ukitaka korido katikati na vyumba huku na huku, kama ramani nyingi zilivyo, kila chumba kitakuwa na upana wa mita 2.1. Kitanda cha futi tano kwa sita kikiingia humo, kinachobaki ni njia ya kupita mtu mmoja kwa ubavu.

Mwenye nyumba akiiona hesabu hii, shetani humwonesha kichochoro. Anaambiwa: sogeza ukuta mpaka kwenye mpaka, utapata mita tatu za bure. Naye hujitetea kwamba kiwanja ni chake, na mpaka hajauvuka. Ni kweli hajauvuka, na ile hadithi maarufu ya mwenye kudhulumu shibri ya ardhi atakayevishwa ardhi saba shingoni huenda isimhusu. Lakini kuna kisa cha Samura bin Jundub kilichomo katika Sunan Abi Dawud. Samura alikuwa na mtende wake halali ndani ya bustani ya Ansari mmoja, na kila akiuendea mtende huo aliwasumbua watu wa nyumba ile. Mtume (SAW) alimtaka auze, akakataa. Akamtaka abadilishe na mwingine, akakataa. Akamtaka autoe zawadi kwa kuahidiwa malipo, akakataa pia. Ndipo Mtume (SAW) akamwambia kuwa yeye ni mwenye kudhuru, na Ansari akaamriwa aung'oe. Umiliki wa Samura haukuwa na shaka hata kidogo. Kilichohukumiwa ni dhara.

Basi mwenye kuziba dirisha la chumba cha jirani kwa ukuta wake, akamwacha awashe taa mchana na kulala kwenye joto la Februari bila upepo, asijifiche nyuma ya hati. Hata kama mamlaka imempa kibali. Na anayesema jirani ndiye aliyeanza naye ajue kwamba kanuni ya fiqhi inakataza kuanzisha dhara na inakataza pia kulipiza dhara kwa dhara.

Kwa upande mwingine, jirani naye hana haki ya kukataa kila kitu. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba jirani asimzuie mwenzake kuchomeka boriti katika ukuta wake. Wanachuoni wamekhitilafiana kama hilo ni wajibu au ni wema tu, lakini vyovyote iwavyo linatufungulia mlango. Majirani wawili wenye viwanja vyembamba wanaweza kukubaliana ukuta mmoja wa shirika upande mmoja, na kila mmoja akaacha nafasi pana upande wake wa pili. Yaandikwe, na mashahidi wawepo. Nafasi moja ya mita tatu inapitisha hewa, na hata jeneza. Kwenye vichochoro vyetu vingi maiti hupitishwa kwa taabu kubwa.

Asiyepata makubaliano hayo na abaki na mita zake 6, lakini korido aipeleke pembeni. Korido ya mita 1.2 upande mmoja inaacha vyumba vyenye kina cha mita 4.35. Vikiwa na mita 3 kila kimoja, kwenye urefu wa mita 14 vinaingia vinne, na kinabaki kipande cha zaidi kidogo ya mita moja cha choo na bafu. Jiko linabaki uani. Faida nyingine ni kwamba madirisha ya vyumba yanatazama kwa jirani mmoja tu. Upande wa korido yanatosha matundu ya juu.

Vyumba vinne. Sasa vigawe. Wazazi kimoja. Watoto wameamriwa kutenganishwa katika malazi wafikapo miaka kumi, kwa hiyo wavulana kimoja na wasichana kimoja. Kimebaki kimoja, na hapa ndipo imani ya mtu inapopimwa: ni sebule, au ni chumba cha mama yake?

Katika ramani za siku hizi jibu linajulikana. Sebule ndiyo inayochorwa kwanza, tena kubwa, kwa ajili ya masofa, kabati la vyombo visivyoliwa na televisheni. Bibi akija kutoka Kilwa au Tanga analazwa na wajukuu, au anatandikiwa hapo hapo sebuleni, asubuhi analazimika kuamka mapema ili wageni wasimkute amelala. Na Surat An-Nur imetaja nyakati tatu ambazo hata watoto wa nyumbani waombe ruhusa kabla ya kuingia kwa mtu. Bibi huyu ataombwa ruhusa kwenye mlango upi?

Wapo watakaosema kumkirimu mgeni ni katika imani. Ni kweli. Lakini mgeni amewekewa siku zake tatu, hakuwekewa chumba cha mwaka mzima. Na wazee wetu wa pwani walimkirimu vizuri bila sebule. Walikuwa na baraza, kijibenchi cha saruji mbele ya mlango, mgeni mwanamume akaketi hapo, akaletewa kahawa, na hakuna aliyehitaji kujifunika ndani. Wageni wanawake walipita hadi uani. Sisi tumebomoa baraza tukaweka geti, kisha tunalalamika nyumba haina sitara.

Sisemi wembamba ni fadhila. Imepokewa kwamba makazi mapana ni katika mambo ya furaha ya mtu, na mwenye uwezo na ajenge. Ila aliyejaaliwa padogo asione aibu. Bibi Aisha (RA) amesimulia kwamba Mtume (SAW) akiswali usiku, naye amelala mbele yake, akitaka kusujudu humgusa ili akunje miguu. Na Hasan al-Basri alisema kuwa alipokuwa kijana aliweza kugusa dari za vyumba vile kwa mkono.

Kuhusu choo nitasema kwa ufupi. Kibla chetu hapa Dar ni kaskazini, karibu moja kwa moja. Kuna hadithi ya Abu Ayyub ya kukataza kuelekea au kukipa mgongo, na ya Ibn Umar ambayo Mashafii wameitolea hoja ya ruhusa ndani ya jengo. Lakini kwa nini uingie kwenye khitilafu wakati fundi bado hajachimba? Kama kiwanja kimelala kaskazini-kusini, kile kipande cha choo kinakaa chenyewe mashariki-magharibi. Kama kimelala vingine, mwambie mapema, maana sinki la choo likishatiwa saruji utaambiwa haiwezekani.

Limebaki la ghorofa, maana wengi husema watapandisha baadaye wapate ile sebule. Imepokewa kutoka kwa Umar bin al-Khattab (RA), katika mzozo wa chumba cha juu, kwamba kiwekwe kitanda asimame mtu juu yake: akiweza kuona kwa jirani, dirisha lizuiwe. Kipimo hicho mpe fundi wako, na ramani mpelekee jirani aione kabla hujaipeleka ofisini. Msingi ukishamwagwa, mazungumzo yenu yatakuwa ya kesi.